Mawe ya Kichwa cha Changu: Samaki Husikiaje?

Ukila kichwa cha changu kwa utulivu, bila pupa, ukamaliza mashavu na macho ukaanza kulibomoa fuvu, utafika pahala vidole vinakuta kitu kigumu ambacho si mfupa. Ni kijiwe cheupe, bapa, chenye menomeno ukingoni na kijifereji upande mmoja. Tafuta upande wa pili wa fuvu, utakikuta kingine kama hicho, pacha wake. Tulipokuwa wadogo Mkokotoni, Unguja, tulivikusanya, tukaviosha, tukavichezea kama watoto wanavyochezea komwe. Wakubwa walituambia ni mawe ya kichwa, na hadithi ikaishia hapo. Sikujua kwamba nilichokishika kiganjani ni sikio la samaki. Au niseme kwa usahihi zaidi, ni ile sehemu ya sikio lake isiyooza.

Marehemu babu yangu, mvuvi wa mshipi, alikuwa na sharti moja ndani ya dau. Ungeweza kuzungumza, kucheka, hata kuimba, naye asikwambie neno. Lakini ukiangusha kafi juu ya mbao, au ukaburuta nanga, alikukata jicho. "Taratibu, mjukuu wangu. Hao wa chini wanatusikia." Niliona ana mambo ya kizee. Kama samaki wanasikia kafi, kwa nini wasisikie nyimbo zetu?

Jibu nimelipata ukubwani, nalo linampa babu haki yake yote. Sauti inayosafiri hewani ikifika juu ya maji hugonga na kurudi. Kinachopenya ni kiasi cha sehemu 1 tu kati ya 1,000 ya nguvu yake. Kafi likigonga ubao ni jambo jingine kabisa: mtikisiko unatoka kwenye mbao na kuingia majini moja kwa moja, bila kupita hewani. Na ukishaingia majini unakwenda kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wa sauti hewani. Babu hakusoma fizikia. Alichokuwa nacho ni miaka mingi ya kuona samaki wanaacha kuuma chambo baada ya kishindo.

Wanaobisha kwamba samaki anasikia huwa na hoja moja: mbona hana masikio? Hoja hiyo si ya kipuuzi. Sikio letu, lile tundu, kiwambo chake na vifupa vitatu vilivyo nyuma ya kiwambo, vipo kwa sababu sisi tunaishi hewani ilhali ndani ya sikio kuna majimaji, na sauti ya hewani haikubali kuingia kwenye majimaji kirahisi. Ni jambo lile lile la nyimbo zetu na bahari. Inahitaji kusaidiwa iingie. Samaki hana haja ya msaada huo. Nyama yake na maji aliyomo vina uzito unaokaribiana, kwa hiyo sauti ikimfikia inampitia mwilini kana kwamba hayupo, na yeye anatikisika pamoja na maji.

Tatizo lake ni la kinyume. Ikiwa mwili mzima unatikisika sawasawa na bahari, atajuaje kwamba ametikisika?

Hapo ndipo kijiwe kinapofanya kazi. Kimejengwa kwa kalsiamu kaboneti, kitu kile kile kinachojenga matumbawe na makombe, na kwa ujazo ule ule ni kizito karibu mara tatu ya nyama inayokizunguka. Umewahi kusimama ndani ya daladala iliyojaa, dereva akaondoka kwa kishindo? Gari imekwenda mbele, wewe umebaki nyuma, na mkono ulioshika bomba ndio unaokupa habari. Kijiwe ndiye abiria huyo. Mwili wa samaki unakwenda na maji, kijiwe kinachelewa, na chini yake kuna zulia la seli zenye vinyweleo vidogo mno vinavyopinda kwa sababu ya huko kuchelewa. Kinyweleo kikipinda, seli inatoa ishara ya umeme. Ishara ikipanda mshipa wa fahamu kuelekea kwenye ubongo, samaki amesikia.

Kwa kila upande wa kichwa vipo vijiwe vitatu, kila kimoja ndani ya kifuko chake, na vyote vina kazi mbili: kumwambia samaki wapi juu na wapi chini, na kumletea sauti. Kwa changu na samaki wengi wa miambani, kikubwa kuliko vyote ni kile cha kifuko cha kati, ndicho tunachokiona mezani. Hongwe ni tofauti. Kwake kijiwe kikubwa ni cha kifuko kingine, cha mviringo, kama punje nene ya dengu, na ukikitoa kwenye hongwe mzima hutaamini kwamba kimetoka sikioni.

Kusikia kwa namna hii, yaani kuhisi mtikisiko wenyewe wa maji, kila samaki anakuweza. Papa anakuweza, taa anakuweza. Lakini sauti majini ina uso wa pili. Mbali na kutikisa maji huku na huku, huyabana na kuyaachia, na kubanwa huko jiwe halikuhisi. Kinachokuhisi ni hewa, kwa sababu hewa inabanika. Ndani ya tumbo la samaki wengi kuna bondo, kile kifuko cheupe chenye hewa. Mbano wa sauti ukipita, bondo linasinyaa na kutanuka, na huko kusinyaa na kutanuka kunazaa mtikisiko mpya ndani ya mwili wenyewe. Kama mtikisiko huo utafika sikioni, samaki anasikia zaidi na kutoka mbali zaidi.

Kwa hiyo jiografia ya mwili ina maana kubwa. Dagaa wetu, hawa tunaowaanika majamvini, wana vijia vyembamba vya hewa vinavyotoka kwenye bondo hadi ndani ya fuvu, vikaishia kwenye vibofu vidogo vilivyogusana na sikio. Hongwe na jamaa zake wa maji baridi, kama kambale, wana mnyororo wa vifupa vidogo vinavyounganisha bondo na sikio. Mjerumani Ernst Heinrich Weber alivieleza mwaka 1820, na hadi leo vinaitwa kwa jina lake. Samaki wa dhahabu, wa ukoo huo huo mpana, anasikia hadi mitikisiko 3,000 au 4,000 kwa sekunde. Papa asiye na bondo, na baadhi ya jamii ya jodari walio vivyo hivyo, huishia kwenye sauti nzito, mara nyingi chini au karibu na 1,000. Mwanadamu kijana anafika 20,000. Samaki anaishi katika ulimwengu wa sauti za chini: msondo anausikia, zumari linaanza kumpotea.

Mpaka hapa tumezungumzia sikio. Lakini sikio linaleta malighafi tu. Kazi ya kujua ni nini kimelia, wapi, na je nikimbie, ni ya ubongo, na ubongo wa samaki wengi tunaokula ni mdogo mno.

Kituo cha kwanza ni ubongo wa nyuma, pale ambapo uti wa mgongo unaingia kwenye fuvu. Mishipa ya fahamu ya sikio inamwaga habari zake hapo, na jirani yake inafika mishipa ya mstari wa ubavuni, ule mstari wa vitundu unaouona kwenye ubavu wa kolekole, ambao huhisi maji yanayosogea karibu na ngozi. Hapo hapo kuna jambo ambalo mimi nikilifikiria nasisimka. Samaki wengi, katika ubongo mzima, wana seli mbili kubwa mno, moja kulia na moja kushoto. Ludwig Mauthner alizieleza mwaka 1859 na zinabeba jina lake. Kila moja inapokea habari za sikio la upande wake, kisha inatuma uzi mnene unaovuka kwenda upande wa pili wa mwili na kushuka hadi mkiani. Kishindo kikitokea kulia, seli ya kulia inapiga mara moja tu. Misuli yote ya kushoto inajikaza kwa pamoja, mwili unajikunja kama herufi C, na samaki ameshageuka kukimbilia kushoto. Yote hayo huanza kabla ya sehemu ya hamsini ya sekunde kwisha. Wakati huo huo seli ya pili inanyamazishwa, maana zikipiga zote mbili misuli ya kulia na kushoto itavutana na samaki atabaki pale pale, chakula cha mtu.

Hakuna fikra hapo, wala uamuzi kwa maana tunayoizoea. Ndiyo maana ukigonga dau, walio chini hutawanyika kabla hujajua umegonga. Lakini si mashine isiyofundishika. Kishindo kile kile kikirudiwa tena na tena bila madhara, seli zile hupoa na samaki huacha kushtuka. Ubongo umeshaandika kwamba hili si la kuhangaikia.

Sauti zisizodai mbio hupanda juu, hadi ubongo wa kati. Hapo kuna tabaka la seli lililo chini ya sehemu inayoshughulikia macho, na ndilo soko kuu la sauti. Zipo seli zinazoitika kwa sauti nzito tu, nyingine kwa sauti zinazokatika-katika kwa mwendo fulani, nyingine kwa sauti inayotoka upande mmoja. Kutoka hapo habari zinaendelea hadi ubongo wa mbele, zinakokutana na kumbukumbu na mazoea. Samaki hana lile gamba la ubongo lililokunjamana tunalojivunia sisi, lakini kujifunza sauti anajifunza. Mwaka 1923 Karl von Frisch, ambaye miaka 50 baadaye alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi zake za tabia za wanyama, alichapisha habari za kambale mdogo kipofu ambaye yeye, Frisch, alimpigia mluzi kila alipompa chakula. Baada ya siku chache kambale alikuwa akitoka mafichoni kwa mluzi peke yake.

Sasa tufike kwenye fumbo lililowasumbua wataalamu muda mrefu kuliko yote: samaki anajuaje sauti inatoka wapi?

Sisi tunatumia masikio mawili. Sauti ya kulia inafika sikio la kulia kwanza, na ubongo unapima ule mwachano, ambao hauzidi sana nusu ya sehemu ya elfu ya sekunde. Chukua samaki ambaye masikio yake yameachana kwa sentimita 1, ndani ya maji ambamo sauti inakimbia vile. Mwachano unakuwa chini ya sehemu moja ya laki moja ya sekunde. Kuupima ni kazi ngumu mno, na kichwa chenyewe hakiwezi kuizuia sauti ili sikio la pili lipate kidogo. Njia yetu haimfai.

Msaada wa kwanza unatoka kwenye lile zulia la vinyweleo. Kila seli inatazama upande wake: ikipindishwa huku inapiga kelele, ikipindishwa kule inanyamaza. Kwa kulinganisha ni kundi lipi limeitika, ubongo unajua mtikisiko unakwenda kwenye mhimili upi, tuseme mashariki na magharibi. Lakini mtikisiko huenda na kurudi. Je, chanzo kipo mashariki au magharibi? Kwa jiwe peke yake, hakuna jibu. Mtu aliyefumba macho ndani ya dau linaloyumba atakwambia linayumba kutoka tezi hadi omo, lakini hawezi kukwambia kwa kuyumba huko tu kama wimbi la kwanza lilitoka mbele au nyuma.

Tangu miaka ya 1970 palikuwa na wazo kwamba ubongo unalinganisha vitu viwili: mtikisiko kutoka kwenye jiwe, na mbano kutoka kwenye bondo. Maji yakibanwa wakati yanasukumwa kuelekea magharibi, chanzo kipo mashariki. Yakibanwa wakati yanasukumwa kuelekea mashariki, chanzo kipo magharibi. Wazo zuri, lakini kulithibitisha ndani ya tangi ni taabu, kwa kuwa sauti hugonga kioo na kurudi kutoka kila upande. Mwaka 2024 watafiti wa Berlin walilimaliza kwa kumtumia Danionella cerebrum, samaki wa urefu wa milimita 12 hivi, anayepitisha mwanga kiasi kwamba ubongo unaonekana akiwa hai. Walimzungushia vipaza sauti na kuvipanga hadi wakaweza kuuchezea mbano bila kugusa mtikisiko. Sauti ya kawaida ikipigwa, samaki alikimbia mbali na kipaza sauti. Walipougeuza mbano peke yake juu chini, samaki alikimbilia kule kule sauti ilikotoka. Ubongo ulipewa hesabu yenye tarakimu moja iliyogeuzwa, ukatoa jibu lililogeuzwa. Kwangu hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba yule kiumbe anapiga hesabu ndani ya kichwa chake.

Kuna na la kujisikia mwenyewe. Samaki wengi wanasema: kikande ukimtoa majini anaguna, hongwe anakoroma. Ukipiga kelele ndani ya mwili ambao bondo lipo karibu na sikio, utajiziba mwenyewe. Kwenye ufuo wa Pasifiki wa Marekani yupo samaki anayeitwa midshipman, ambaye dume lake huvuma usiku kucha kumwita jike, kiasi cha kuwakosesha usingizi wanaoishi kwenye nyumba za majini. Uchunguzi wa ubongo wake umeonyesha kwamba amri ya kuvuma inapotoka, nakala yake hutumwa kwenye sikio kulituliza, kwa mapigo yale yale ya mvumo. Na msimu wa kuzaliana ukifika, homoni huligeuza sikio la jike lisikie vizuri zaidi zile sauti za juu zilizomo ndani ya mvumo wa dume.

Ukizamisha kichwa Chumbe, Misali au mwamba wowote wetu ulio hai, utasikia mchakacho kama mafuta yanayokaanga. Wengi wanaochakacha ni kamba wadogo wanaofyatua gando, na juu yake kuna migugumo ya samaki wenyewe. Hiyo si kelele ya bure. Vifaranga wa samaki wengi wa miambani huanguliwa, wakachukuliwa na maji ya bahari kuu kwa majuma, kisha hutafuta mwamba wa kukaa. Mwaka 2005 Stephen Simpson na wenzake walionyesha huko Great Barrier Reef, Australia, kwamba vifaranga huja kwa wingi zaidi kwenye vijimwamba vilivyopigiwa sauti ya mwamba hai. Mwaka 2019 ikachapishwa kazi nyingine ya huko huko: miamba iliyoharibika ilipowekewa vipaza sauti vya mwamba mzima kwa siku 40, samaki wakawa mara mbili ya ile iliyoachwa kimya.

Ndiyo maana kigumi kinaniuma. Wanaovua kwa kigumi hupiga matumbawe kwa magongo ili samaki watoke wakimbilie wavuni. Wanatumia ile seli ya Mauthner bila kuijua jina, na inawapa samaki wa leo. Lakini tumbawe lililovunjika halichakachi, na mwamba usiochakacha hauiti mtu. Hao vifaranga walioko nje huko gizani, ubongo wao ukisubiri sauti ya kwao, watapita. Mashine nazo zina lao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha samaki wadogo wa mwamba, kukiwa na mvumo wa boti za mashine karibu, wanaliwa zaidi ya mara mbili, kwa kuwa wanachelewa kushtuka adui anapowarukia. Ghuba ya Menai na Kizimkazi, ambako boti za watalii hukimbizana na pomboo asubuhi nzima, nadhani tunapaswa kuzungumza juu ya hili kama tunavyozungumza juu ya nyavu.

Zile seli za vinyweleo, sisi tunazaliwa nazo na tukiziua kwa kelele hazioti tena. Samaki zake hufa, zikaota nyingine, maisha yake yote. Babu alipoacha mshipi alifanya kazi miaka mingi kwenye mashua ya mashine, amekaa nyuma karibu na injini, na masikio yakaenda. Miaka yake ya mwisho ukitaka kumwita ulimgusa bega. Siku niliyotoka naye mara ya mwisho, kijana wa mashua alizima mashine tulipofika mwambani. Babu alikuwa ameipa injini mgongo, na hakugeuka. Aliweka kiganja juu ya ubavu wa mashua, akakiacha hapo kidogo, kisha akaanza kufungua mshipi wake.